Karatasi Mlangoni pa Depo

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, katika mtaa wa Majengo mjini Goma, Valérie Umutesi wa ofisi ya kodi aliipiga picha karatasi ya muhuri aliyoibandika mwenyewe Ijumaa, akahakikisha haijaguswa, kisha akaikata kwa wembe katikati. Nusu ikabaki kwenye mlango, nusu kwenye fremu. Akafungua kufuli, akauvuta mlango kwa vidole viwili, nao ukafunguka bila kelele. Kilichotoka kwanza ni harufu.

"Ni panya," alisema Mama Dative, mwenye depo, akiwa nyuma yake. "Zimekufia mu maharagi."

Hawakuwa panya. Hatua chache kutoka mlangoni, kifudifudi juu ya sakafu ya mawe, alilala kijana mwenye koti la kijivu. Damu ilikuwa imekauka kisogoni. Mkono wake wa kulia ulinyooka kuelekea mlangoni, na vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka mpaka nyama.

Mama Dative alilitambua koti kabla ya kuuona uso. "Ferdinand! Mudogo wangu! Yesu wangu, Ferdinand!" Alianguka magotini, akampapasa mgongo, kisha akainua kichwa na kumwangalia Valérie. "Umemufungia. Umemufungia mutoto wa mama yangu ndani!"

Valérie aliinua mkono kukana. Muda si muda ua lilijaa watu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtu wa kodi hupendwa na wachache popote pale, na huyu alikuwa amesimama mbele ya maiti akiwa na wembe mkononi. Jiwe la kwanza lilipiga bati juu ya kichwa chake. La pili lilimpata begani, akarudi nyuma mpaka ndani ya depo, akasimama pamoja na marehemu. Polisi walipofika ndipo alipojua kwamba alikuwa analia.

Kila mtu pale alijua jinsi ofisi yake inavyofanya kazi. Inakuandikia barua. Usipolipa, inaandika nyingine yenye maneno makali zaidi. Ukikaa kimya bado, inakuja na kufuli lake na karatasi yake, inafunga biashara yako, na siku zikipita inaweza kuuza mali iliyomo. Anayeigusa karatasi ile anakwenda jela. Mama Dative alikuwa amekopa kwa akina mama wa kanisani kwake, akalipa sehemu ya deni asubuhi hiyo benki ilipofunguliwa tu, na Valérie alikuja kumfungulia kwa roho nyeupe. Hata alikuwa amefurahi kidogo, maana kufunga ni kazi anayoichukia na kufungua anakupenda.

Inspekta Ruffin Baharanyi wa upelelezi alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini. Aliizunguka depo mara mbili, nje na ndani. Ilikuwa nyumba ya mbao nyuma ya ua, juu ya mawe meusi yaliyotemwa na mlima wa volkano. Haikuwa na dirisha. Mbao zote za ukuta zilipigiliwa misumari kutoka ndani, na mabati ya juu yalishikwa na misumari yenye kutu ya miaka mingi. Aliichukua picha ya karatasi kutoka simu ya Valérie, akaikagua sahihi, akaukagua ufunguo pekee wa kufuli uliokuwa kwenye mkoba wake.

"Twende bureau," akasema.

Saa tano mchana walikuwa wameketi katika chumba chenye meza moja.

"Ijumaa ulifunga saa ngapi?"

"Saa sita."

"Uliingia ndani mbele ya kufunga?"

"Niliingia. Niliita. Mama Dative alikuwa pembeni yangu, na Valentin, sentinelle wake wa kulinda depo. Hakukuwa mutu."

"Nyuma ya mifuko?"

"Niliangalia na taa ya simu."

"Mama Dative anasema alikuwa analia, hakuona kitu. Anasema Ferdinand alikunywa naye chai asubui ile, akamuaga anaenda Bunagana kutosha bidhaa ku douane, kwa mupaka. Hakuna mwenye alimuona tena." Ruffin alipangusa meza kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. "Na Valentin ametoroka siku ile ile."

Moyo wa Valérie uliruka. "Ametoroka?"

"Furaha hiyo uiache. Tumemupata Kalengera, kwa shamba ya mama yake. Depo ikifungwa na serikali, sentinelle analinda nini? Alipanda gari saa saba, na batu bane benye walikuwa naye mu gari banashuhudia. Tena anakutetea kidogo. Anasema uliangalia ndani muzuri, na mulango ulikushinda kufunga, ulikuwa unakwaruza mawe, akaunyanyua na bega yake. Lakini yeye pia hakuingia nyuma ya mifuko."

"Na Mama Dative mwenyewe?" Valérie aliona haya kuuliza, lakini hofu haina haya. "Banasema aligombana na mudogo wake."

"Waligombana, ndiyo. Asubui ulituma habari kama unakuja kufunga, Dative akamwambia: 'Wewe njo unapelekaka feza ya impôt, ya kodi, ilienda wapi?' Majirani walisikia. Lakini kutoka saa sita mpaka jana alikuwa kanisani na bamama wenzake, analia na kuomba mukopo." Akaegemea mbele. "Docteur anasema kijana alipigwa ao alianguka, akaumia kichwa. Lakini hakukufa siku ile. Alikufa Jumamosi usiku ao Jumapili. Sasa unaniambia nini? Karatasi nzima. Kadenasi, kufuli yako, nzima. Ukuta muzima. Mutu alikuwa amelala nyuma ya mifuko, ukafunga, akaamka mu giza, akaanguka. Ni vile tu."

"Si vile, Chef."

"Basi niambie namna ingine."

Tangu mkoa uwekwe chini ya wanajeshi mwezi wa tano, kesi kama hizi zilikwenda moja kwa moja kwa oditora, mwendesha mashtaka wa jeshi. Ruffin alichukua kadi yake ya kura, kitambulisho chake, na kumwambia faili lingepelekwa kesho saa nne asubuhi. Alimwacha atoke kwa sababu ni mtumishi wa serikali na ana mtoto. Valérie alimpigia mkuu wake wa ofisi. Mkuu alisikiliza, akakohoa, akasema kwamba ofisi haikuwa imemtuma kufunga watu, na kwamba simu inakatika. Simu haikuwa inakatika hata kidogo.

Alimwambia dada yake amchukue Vanessa, binti yake, akalale kwake. Halafu akafikiria nani katika mji ule angeweza kuzungumza na Mama Dative kwa niaba yake, na jina lililokuja lilikuwa moja. Adalbert Nshimiyimana ndiye aliyekuwa akishughulikia mambo ya kodi ya wafanyabiashara wengi wa Majengo, kuanzia kuwaandikia matamko ya mapato mpaka kuwapokelea barua. Zaidi ya hayo alikuwa parrain, baba wa ubatizo, wa mtoto wa kwanza wa Dative. Katika nyumba ile neno lake lilikuwa la mwisho.

Ofisi yake ilikuwa vichochoro viwili kutoka depo, nyumba ndogo ya mbao yenye rangi ya buluu, iliyosimama kwenye kiwanja kipya. Ncha za chini za mbao zilikuwa zimekatwa kwa msumeno ili zifuate mabonde ya mawe, na pale zilipokatwa mti ulionekana mweupe.

"Mama Valérie, pole sana. Ingia. Keti." Adalbert alikuwa na nywele za mvi na shati lililopigwa pasi. Alimmiminia chai mwenyewe. "Unaangalia nyumba yangu? Iliponea moto wa mlima, ile kubwa ya kulala njo iliungua. Nikaishusha mwenyewe kule, mbau kwa mbau, nikaisimamisha huku. Mulango ulikuya muzima na cadre yake, ile fremu, sikugusa hata bawaba moja. Muzee bado ana nguvu."

Valérie alijaribu kutabasamu. Jambo hilo halikuwa la ajabu. Goma mtu hukodi kiwanja na nyumba ni yake, na siku akifukuzwa huibomoa kwa utaratibu na kuhama nayo.

"Papa Adalbert, ulimuona Ferdinand Ijumaa?"

"Nilimungojea Bunagana. Nilitoka huku Ijumaa asubui sana, nikarudi jana magaribi. Tulipatana anifuate. Hakukuya, simu haikupita. Nikasema amebaki juu ya shida ya depo. Kumbe maskini alikuwa ndani yake." Alitoa leso, akapangusa macho. "Sisemi ni roho mubaya yako. Mutu anaweza kusahau kuangalia nyuma ya mifuko. Ukienda kwa oditora, usibishane naye. Sema ulisahau, omba huruma. Mimi nitaongea na Dative."

Sauti yake ilikuwa ya baba kweli. Valérie alitoka pale akiwa nusu ameamini kwamba hakuangalia. Alijiona akipiga taa ya simu nyuma ya mifuko, halafu akajiuliza kama ile ilikuwa Ijumaa ya juzi au depo nyingine ya wiki nyingine. Ndivyo hofu inavyokufanya. Inakupokonya hata kile ulichokiona kwa macho yako.

Alasiri alirudi kwenye ua la Mama Dative. Hakujua anatafuta nini. Vijana watatu waliokuwa barabarani walimtambua, mmoja akainama kuokota jiwe. Mlango wa nyumba ya jirani ukafunguka, mkono mweusi kwa masizi ukamshika nguo na kumvuta ndani.

"Ingia! Unatafuta kufa?"

Alikuwa Mama Bénita, muuza makaa, ambaye ukuta wake na ukuta wa depo ulitengana kwa upana wa mtu mmoja. Walikaa kati ya magunia ya makaa mpaka vishindo vya nje vilipotulia. Valérie aliona kwamba mama yule alikwepa kuutazama ukuta wa upande wa depo.

"Mama Bénita, nyumba yako iko karibu sana. Hukusikia kitu?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nimesema hapana." Lakini midomo yake ilianza kucheza, na machozi yakachora mistari katika masizi ya mashavu. "Siku ya posho. Jumamosi. Asubui nilisikia mutu anagonga. Polepole. Anagonga, anapumuzika, anagonga tena."

Valérie aliinama karibu naye. "Na hamukufungula?"

"Tufungule namna gani? Na karatasi yako iko pale?" Mama Bénita alisema kwa hasira, kisha hasira ikamwisha. "Niliogopa. Bote waliogopa. Moja akasema ni panya, mwingine akasema ni muzimu. Nikasema, acha niulize mutu mwenye anajua mambo ya impôt. Nikaenda kwa Papa Adalbert."

"Ukaenda wapi?"

"Kwa bureau yake. Nilimukuta anakula. Akakuya na mimi, akaweka sikio pa mulango, akasikiliza. Akasema: 'Ni panya, mama. Mukipasula ile karatasi, bote muko buloko, jela, na bidhaa ya Dative inauzwa. Rudi kwa makala yako.' Yeye ni mutu wa masomo. Ni parrain wa nyumba. Ningemubishia na nini?"

"Una hakika ni Jumamosi?"

"Nitasahau ile siku? Muchana kugonga kulikuwa kidogo. Magaribi kulikuwa hakuna."

Jumamosi Adalbert alikuwa Bunagana. Yeye mwenyewe alikuwa amesema hivyo, akipangusa macho kwa leso. Mtu hadanganyi kuhusu mahali alipokuwa kwa ajili ya panya.

Lakini kuwa Majengo siyo kuingia katika depo iliyofungwa. Ruffin angeuliza tena namna ingine ni ipi. Alisimama, na Mama Bénita akaenda kumfungulia. Mlango wa makaa uligoma juu ya jiwe la kizingiti, ikabidi auinue kwa bega. Valérie alibaki amesimama akiutazama mlango ule. Ijumaa, mlango wa depo ulikwaruza hivyohivyo. Valentin aliunyanyua kwa bega. Leo asubuhi yeye mwenyewe aliufungua kwa vidole viwili, nao haukukwaruza kitu.

Mlango hauinuki wenyewe. Kama mlango umepanda, basi fremu imepanda nao, na karatasi yake juu, na kufuli lake, vyote vizima.

"Mama Bénita, usilale hapa leo," alisema kwa kunong'ona. "Vaa kitenge chako. Tunaenda kwa Inspekta sasa."

Hawakufika mbali. Kwenye kona ya kichochoro alisimama Adalbert, mkono mmoja mfukoni.

"Mama Bénita na Mama Valérie," alisema. "Pamoja? Munaenda wapi?"

Mama Bénita ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kwa matanga, Papa. Namupeleka akamuombe Dative musamaha."

"Muzuri. Nitabasindikiza."

Akatembea nao, katikati yao. Aliongea juu ya sanduku la maiti, juu ya padri, juu ya bei ya mbao tangu mlima uteme moto. Mkono haukutoka mfukoni. Kila hatua Valérie aliwaza kwamba anajua, kwamba ameshajua, na kwamba mama huyu wa makaa ndiye mtu pekee aliyemwona Jumamosi. Walipofika kwenye barabara kubwa, penye pikipiki na wauza ndizi, Adalbert alisimama.

"Mama Bénita," alisema kwa upole, "mutu wa makala asisumbukie mambo ya serikali. Inachomaka."

Akageuka na kuondoka. Wanawake wawili walishikana mikono, wakakimbia bila aibu mpaka kituo cha polisi.

Jumanne, saa tatu asubuhi, Ruffin aliwakusanya mbele ya depo Mama Dative akiwa na kitambaa cha matanga kichwani, Adalbert aliyemshika mkono, Mama Bénita na Valérie. Polisi walizuia watu barabarani.

"Papa Adalbert," alianza Ruffin, "nisaidie na saa. Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Nimeshasema. Bunagana, mpaka Jumapili magaribi."

"Andika," Ruffin alimwambia msaidizi wake. Kisha akawageukia polisi wawili wenye mtaimbo. "Toeni ile cadre. Polepole. Mulango usifunguliwe."

Misumari sita mirefu, iliyopigiliwa kutoka nje, ilishika fremu kwenye mbao za ukuta, na ilitoka kirahisi, maana matundu yalikuwa yameshalegezwa. Fremu nzima ikatoka na mlango ndani yake, kufuli likining'inia, nusu mbili za karatasi ya Valérie zikiwa bado zimegandamana mahali pake. Mtu mzima angeweza kupita katika tundu lile na mzigo mgongoni.

"Njo vile mutu aliingia," alisema Ruffin. "Hakugusa karatasi. Alihamisha mulango na karatasi yake, kisha akairudisha. Lakini kurudisha si rahisi, cadre ilicheza. Ikabidi aipandishe na kitu."

Akainama, akaokota vipande viwili vya mbao vilivyokuwa chini ya miguu ya fremu. Upande mmoja vilikuwa na rangi ya buluu, na pale rangi ilipobanduka ilionekana kijani ya zamani. Upande uliokatwa ulikuwa mweupe.

"Buluu iko kila fasi Goma," alisema Adalbert.

"Ni kweli. Leo alfajiri nilivitosha, nikavipima kwa bureau yako, nikavirudisha hapa. Buluu juu ya kijani, na kimoja kinaingia sawasawa kwa mbau ya kona, mpaka fundo ya muti inafuatana."

"Batoto wanaokotaka vipande kwangu wanawashia moto. Mimi nilikuwa Bunagana."

Ruffin alimwangalia Mama Bénita. Mama yule alifunga macho, kama anayeingia maji ya baridi, akasema yote kwa pumzi moja: kugonga, chakula, sikio mlangoni, panya, buloko. Alitaja hata siku.

Mama Dative aliuachia polepole mkono wa Adalbert.

"Parrain," alisema. "Jumamosi? Ulikuwa huku?"

"Dative, huyu mama ana woga..."

"Ulisikia mudogo wangu anagonga?"

Mabega ya Adalbert yalishuka, na ghafla lile shati lililopigwa pasi likaonekana kubwa kwake.

"Feza ya impôt," alisema Valérie. "Ferdinand alikuwa anakuletea wewe upeleke benki. Na barua zetu zote zilikuwa zinafika kwako, juu wewe njo ulijiandikisha kuzipokea. Mama Dative hakuona hata moja. Ndiyo maana nilipotuma habari ya kufunga alishangaa vile."

"Na reçu, karatasi ya malipo?" Ruffin alimuuliza Dative. "Hamukuomba?"

"Nimuombe reçu parrain wa mutoto wangu?" Mama Dative alimtazama kana kwamba ametukanwa. "Ni kumwambia wewe ni mwizi. Ferdinand alikuwa anamupa feza na mikono mbili, anakunywa chai, anarudi."

"Mlima ulikula nyumba yangu," alisema Adalbert. Hakuwa anaongea na yeyote hasa. "Bibi yangu na bajukuu walikuwa wanalala mu shule. Nilisema nitatumia kidogo, nitarudisha. Kila mwezi nilisema hivyo. Barua zikikuya ninazitupa mu moto, nikifikiri bado kuna siku. Ijumaa magaribi Ferdinand akaingia kwangu. Hakuenda Bunagana, alisikia depo imefungwa. Akasema: 'Kesho tunaenda wote mbili kwa impôt, useme mbele ya mama yule kama nilikupatia.' Hakuna mwingine alijua. Yeye tu. Nyundo ilikuwa pa meza."

"Ukamuleta huku."

"Mvula ilikuwa inapiga, giza, hakuna mutu inje. Nilimuweka ku chukudu, ile baiskeli ya mbau ya mizigo, chini ya bâche ya plastiki. Nilifikiri amekufa, naapa. Nikasema, fasi ingine batamuona kesho. Hapa hakuna mutu atafungula. Na siku watafungula, kosa itakuwa ya serikali, batamupiga mama wa impôt mawe, na hakuna mwenye atauliza tena feza ilienda wapi."

"Na Jumamosi?" Sauti ya Mama Dative ilikuwa nyembamba. "Ulipoweka sikio?"

Adalbert alianza kulia, safari hii bila leso. "Alikuwa anaita. Ndogo sana. Alikuwa anaita jina yako, Dative. Niliogopa. Akitoka, atasema."

Mama Dative hakumpiga. Hakupiga kelele. Aliingia kwa lile tundu la fremu mpaka ndani ya depo, akakaa chini pale alipokuwa amelala mdogo wake, akajifunika kitenge uso wote. Polisi walimfunga Adalbert pingu na kumpitisha nyuma ya nyumba, maana barabarani watu walikuwa wameshaanza kuinama kutafuta mawe.

Ruffin alimrudishia Valérie kadi yake. "Dosye inaenda kwa oditora saa nne, kama nilivyosema," alisema. "Na jina ingine." Hilo ndilo lililokuwa karibu zaidi na samahani kutoka kwake.

Valérie aliishika kadi kwa mikono miwili. Alikuwa huru. Angemchukua Vanessa kwa dada yake, angeoga, angelala. Alitaka kucheka na hakuweza. Mama Bénita alikuwa bado amesimama pale pale, akiitazama ile fremu iliyoegemezwa ukutani na karatasi yake.

"Mama Valérie. Nikuulize kitu."

"Uliza, mama."

"Kama Jumamosi ningepasula karatasi yako. Kama ningepiga kadenasi na jiwe, nikamutosha Ferdinand muzima. Ungefanya nini na mimi?"

Valérie alifikiria jibu zuri. Alikuwa nalo mdomoni, na mama yule aliyemwokoa jana alistahili kulisikia. Lakini aliyajua mazoea ya ofisi yake, na alijijua yeye Jumatatu asubuhi, saa mbili na nusu, akikuta karatasi imechanika kabla hajauliza lolote.

"Ningeandika jina yako," alisema.

Mama Bénita alitikisa kichwa taratibu. "Njo vile tulijua," akasema, akajifunga kitenge vizuri, akaingia kwa lile tundu kwenda kukaa chini pamoja na Mama Dative.